Mkono wa Ichiro na Viwanja vya Simiyu

Msikilizaji wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, leo nakuletea mtu ambaye huenda jina lake halijawahi kutajwa kijiweni kwenu: Ichiro Suzuki, Mjapani aliyestaafu besiboli Machi 2019 akiwa na miaka 45.

Alikuwa mlinzi wa nje, upande wa kulia. Ukiacha zamu yake ya kushika gongo, mlinzi wa nje husimama mbali na wenzake akingoja mpira, na unaweza usimfikie kwa muda mrefu. Ukija, audake hewani, au auokote na kuurusha kabla mkimbiaji hajafika kituoni. Aprili 2001, siku chache tu tangu aanze kuichezea Seattle Mariners, Ichiro alirusha mpira kutoka kule nje ukatua moja kwa moja kituo cha tatu, mkimbiaji akatolewa. Mashabiki wa Marekani wanausimulia hadi leo.

Kabla ya mwaka huo, Wajapani waliocheza ligi kuu ya Marekani walikuwa warushaji tu. Wengi hawakuamini kwamba mpigaji mwembamba kutoka Japani angeweza kufua dafu. Msimu huohuo akatwaa tuzo ya mchezaji bora. Mwaka 2004 alipiga mipira 262 iliyomfikisha kituoni salama, rekodi ya msimu mmoja ambayo haijavunjwa. Mwaka 2025 alichaguliwa kuingia Jumba la Mashujaa wa besiboli, akikosa kura moja tu. Mpiga kura huyo sijui alikuwa akitazama mchezo gani!

Nyuma ya yote yupo baba yake, Nobuyuki, aliyemfundisha kurusha na kupiga tangu utotoni.

Wajapani wenzake Ichiro ndio walioleta besiboli sekondari ya Azania, Dar es Salaam, mwaka 2012. Huku kwetu kipaji bado tunakitafuta miguuni. Msichana wa Bariadi anayecheza rede ana shabaha na wepesi wa kukwepa, lakini akimaliza darasa la saba na rede inaishia hapo. Hakuna anayeliandika jina lake popote.

Maafisa michezo wa wilaya zetu tano, viwanja tunavyo. Kiandikieni chama cha taifa cha besiboli na sofiboli, ombeni mwalimu, gongo na glavu chache, muanze na shule moja, na wasichana wawemo.