Rungu la Kukodiwa



Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ilikamata ng'ombe wa Wakamba na kuwauza kwa nguvu, ikisema wamezidi malisho. Kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kinawangoja. Mwezi wa Julai wazee wetu, waume kwa wake, wakafuatana na Muindi Mbingu hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor majuma kadhaa, wakitaka Gavana awasikilize. Hawakwenda kupigana. Muindi alikamatwa, akapelekwa Lamu, lakini amri ile ya ng'ombe Serikali iliiacha.

Tusiseme zamani ilikuwa amani tupu. Mwaka 1922 watu waliodai Harry Thuku afunguliwe walipigwa risasi Nairobi, wakafa.

Vijana wa Juni 2024 hawakuwa na Muindi wa kuhamishwa. Waliitana kwa simu. Tarehe 25 waliingia Bungeni, wengine wakauawa, na kesho yake Rais akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha.

Linalotuudhi sisi ni jambo jingine. Tarehe 17 Juni 2025, mchana, watu wenye marungu na mijeledi, wengine juu ya pikipiki, waliwapiga waandamanaji mjini Nairobi. Anayekubali kulipwa ili apige ni nani, kama si kijana asiye na kazi, mtoto wa mfanya kazi mwenzetu?

Basi tunauliza tawi hili: lori likija alfajiri kuchukua vijana, pesa mkononi, nani atasimama njiani? Tupate majina leo, kabla ya chai.