Rubia: kutoka kiti cha umeya hadi mlolongo

Wakaazi wa Kitisuru, kama Wakenya wote, watapiga kura Agosti 2027. Kabla kampeni hazijapamba moto, tumkumbuke Charles Rubia.

Mwaka 1962 Rubia alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Wakati huo meya alichaguliwa na madiwani, si na mwananchi. Mwaka 1969 aliomba kura moja kwa moja mitaani, akawa mbunge wa Starehe.

Kisha ikaja 1988 na mlolongo, foleni ya kuteua wagombea wa KANU, chama pekee wakati huo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Mpiga kura alisimama hadharani nyuma ya picha ya mgombea, chifu akimtazama. Aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja, bila kurudi kwa kura ya siri ya uchaguzi mkuu. Rubia akatangazwa ameshindwa. Mei 1990, yeye na mwanasiasa mwenzake Kenneth Matiba wakadai mfumo wa vyama vingi. Julai wakawekwa kizuizini. Maisha ya kizuizini yalimharibia afya.

Leo gavana wa Nairobi, aliyechukua nafasi ya meya, anachaguliwa na mwananchi mwenyewe, kwa siri. Haki hiyo ililipiwa kwa gharama kubwa. Mkaazi wa Kitisuru, kama hujajiandikisha, nenda ukajiandikishe.