Kijiji cha Jatiluwih na Maji ya Wote



Leo nataka kuwaeleza habari za kijiji cha wakulima kilicho ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika kisiwa cha Bali. Bali ni kimoja katika visiwa vya Indonesia, ambavyo hesabu yake yapita 17,000. Si kisiwa kikubwa sana, lakini ukiunganisha Unguja na Pemba pamoja hupati hata nusu yake. Watu wa visiwa vile ni mabaharia tangu kale, na wataalamu wengi hudhani kuwa hata ngalawa zetu za pwani, zenye mirengu huku na huku, asili yake ni kwao.

Kijiji chenyewe chaitwa Jatiluwih. Kipo katika wilaya ya Tabanan, kwenye miteremko ya mlima Batukaru, ambao kimo chake ni meta 2,276. Mashamba yake yapo kiasi cha meta 700 juu ya usawa wa bahari, mahali pa mvua nyingi na hewa ya baridi kidogo. Mtu akisimama juu na kutazama bondeni, huona mashamba ya mpunga yamepangwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina ukingo wa udongo wa kuzuia maji. Ngazi nyingine ni pana, na nyingine ni nyembamba hata ng'ombe wa kulima hapati nafasi ya kugeuka. Mchana, watu wakiwa kazini, sauti ikusikilizayo zaidi ni ya maji yashukayo kutoka ngazi moja hata nyingine.

Mpunga uliokipatia kijiji hiki sifa ni ule wa kienyeji wenye mchele mwekundu. Mabua yake ni marefu, nao hukaa shambani miezi mitano au sita. Desturi ya zamani ni kuukata suke kwa suke kwa kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, kiitwacho ani-ani, kisha kuufunga miganda na kuuweka ghalani. Mavuno yakiisha, wenyewe hufungulia bata mashambani, wale punje zilizoanguka na wadudu waliobaki.

Sasa nije katika jambo lililonifanya nikichague kijiji hiki, nalo ni maji. Ninyi mnaolima kwa mifereji mwajua kuwa mwenye shamba la juu huyapata maji kwanza. Methali yetu yasema, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Na penye mfereji, kisu kimo mkononi mwa mtu wa juu. Akiuziba mfereji, mwenzake wa chini atapanda nini? Katika nchi nyingi watu wamegombana na kushtakiana, hata kuumizana, kwa ajili ya jambo hili.

Watu wa Bali walilitafutia dawa zamani, tangu karne ya tisa. Walifanya vyama viitwavyo subak. Wote ambao mashamba yao hunywa maji ya mfereji mmoja ni wanachama wa subak moja. Mkuu wake huitwa pekaseh, na sheria zake huitwa awig-awig. Kusafisha mifereji na kutengeneza kingo ni kazi ya wote, na asiyefika bila udhuru hutozwa faini. Na jinsi ya kuyagawa maji ni rahisi ya ajabu. Gogo hulazwa kukingama mfereji, nalo limechongwa mapengo. Upana wa pengo ndio kipimo cha fungu la maji. Kila apitaye aweza kutazama kwa macho yake mwenyewe kama mtu amedhulumiwa.

Wengi wa watu wa Bali hufuata dini ya Kihindu, na mpunga wauhesabu kuwa kipawa cha Dewi Sri. Kwa hiyo subak zina mahekalu yake, kuanzia madogo ya penye mfereji hata makubwa ya penye maziwa ya milimani. Katika mahekalu hayo subak kadhaa zinywazo mto mmoja hupatana ni nani atakayepanda mwezi huu, na ni nani atakayengoja.

Labda mtu atauliza: Je, mtu wa juu akubalije kungoja, naye maji anayo mlangoni pake? Je, ni kwa wema wa moyo tu? La, ana faida yake pia. Shamba la mpunga lina adui wengi, mathalan panya, na mdudu mdogo wa rangi ya kahawia afyonzaye utomvu wa mabua. Adui hawa hawajui mpaka wa shamba. Mtu mmoja akivuna na jirani yake akiwa bado, wao huhama tu, wakawa na chakula mwaka mzima. Lakini ikiwa bonde zima limevunwa kwa wakati mmoja, na mashamba yote yamekaa bila mpunga kwa majuma kadhaa, wadudu hukosa chakula wakafa. Basi mtu wa chini amhitaji mtu wa juu ampe maji, na mtu wa juu amhitaji mtu wa chini apande na kuvuna pamoja naye. Tena, wakipanda watu wote wa mto mzima kwa siku moja, maji hayatoshi. Ndiyo maana hawana budi kukutana na kupima: wangapi wapande pamoja, na wangapi wafuate baadaye.

Jambo hili lilijaribiwa kwa hasara. Katika miaka ya 1970 serikali ya Indonesia ilitaka mchele mwingi upesi, kwa sababu watu walikuwa wakiongezeka. Wakulima walipewa mbegu mpya za kukomaa mapema, pamoja na mbolea na dawa za kuua wadudu, wakahimizwa wapande mara nyingi wawezavyo bila kungojana. Mwanzo mavuno yalizidi. Kisha wadudu na magonjwa yakaenea, kwa maana mpunga haukukosekana shambani hata siku moja, na dawa ziliwaua pia wale buibui wawalao wadudu. Katika mwaka wa 1986 serikali yenyewe ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga.

Mmarekani mmoja, J. Stephen Lansing, aliyekaa miaka mingi akichunguza mahekalu hayo, alishirikiana na mwenzake James Kremer kuzipigia hesabu subak 172 za mito miwili ya Bali kwa kompyuta. Hesabu zilionyesha kuwa mavuno hupungua kila mtu akipanda apendavyo, na hupungua vile vile wote wakipanda kwa siku moja. Mavuno bora yalipatikana kwa mpango uliokaribiana na ule wa mahekalu, uliotumiwa na wakulima tangu zamani.

Katika mwaka wa 2012 shirika la UNESCO liliitia nchi hii ya subak, Jatiluwih ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu hapo wageni wengi huja kutazama. Wageni huleta fedha, lakini pia huleta haja ya hoteli na barabara, na katika Bali mashamba mengi yamegeuzwa kuwa viwanja vya nyumba. Vijana nao huona kazi ya mjini ni nyepesi kuliko kusimama matopeni. Na shamba moja likiuzwa, hasara si ya mwenyewe peke yake: kazi ya mfereji huwaelemea waliosalia, na wadudu hawangoji.

Basi ninyi wazee, mkikutana kushauriana juu ya mfereji au kisima cha kijiji chenu, mwulizeni kwanza yule wa mwisho kupata maji. Nanyi wanafunzi, tafuteni Bali katika ramani, upande wa mashariki ya Java, kisha mwulizeni baba yenu ni nani hunywa maji kabla yenu, na ni nani hunywa baada yenu.

Kwaherini.