Namba Juu ya Plastiki

Msikilizaji, leo tutazame mashindano ya wakusanyaji wa sarafu. Huko Marekani, kampuni ya PCGS, iliyoanza kazi 1986, huipa sarafu alama kuanzia 1 hadi 70, kisha huifungia ndani ya plastiki. Wenye mikusanyo hupangwa kwa alama hizo, na kila mmoja anataka kuongoza. Hapo ndipo bei inapopanda: senti ya Lincoln yenye 68 yaweza kuuzwa kwa bei iliyo mara nyingi ya ile yenye 67, ingawa mimi, hata kwa lenzi, nisingezitofautisha.

Ni kweli, alama humkinga mnunuzi dhidi ya sarafu bandia. Lakini sikiliza hili: zikipimwa nyingine kumi nazo zikapata 68, uhaba umekwisha, na bei huporomoka.

Sasa, sisi jambo hili linatuhusu nini? Ile sarafu ya dhahabu ya Tabora ya 1916, yenye tembo aliyeinua mkonga, nayo hupimwa hivyo hivyo. Aliyerithi moja akaisugua kwa majivu ing'ae, huenda akanyimwa namba kabisa.

Je, mwenye nayo leo aipeleke ikapimwe, au aende zake kwa sonara?