Uhuru wa taaluma na mwanafunzi

Uhuru wa taaluma ukitajwa, wengi wetu humfikiria mhadhiri anayeandika bila hofu ya dola. Na mwanafunzi je?

Mwaka 1969, Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, kilifuta masomo ya lazima kwa wote. Wazo lilitoka kwa wanafunzi wenyewe, Ira Magaziner na Elliot Maxwell wakiwa mstari wa mbele. Hadi leo mwanafunzi wa Brown anaweza kujipangia fani yake mwenyewe. Hata hivyo hajiamulii ovyo: huandika pendekezo, humpata mwalimu wa kumwongoza, na chuo hulipitisha au hulikataa.

Wapo wasemao kijana akiachiwa achague, atakimbilia mteremko. Wa namna hiyo hawakosekani, hatukatai. Lakini anayekariri notisi za mhadhiri ili afaulu mtihani naye kapita mteremko uleule, tena kwa baraka za chuo.

Azimio la Dar es Salaam la Aprili 1990 liliunganisha uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Basi asiyepewa nafasi ya kuchagua atajifunza wapi kuwajibika? Mtu hafundishwi kuogelea nchi kavu.