Ununuzi wa Kaunti: Milango Miwili Iliyoachwa Bila Mlinzi



Tumeombwa tuzungumze juu ya namna serikali zetu za mashinani zinavyoweza kununua bidhaa na huduma kwa njia iliyo bora. Mada hii haivuti makofi. Umati hukusanyika kusikia habari za katiba na kura, lakini habari za saruji, dawa na madawati huachiwa makarani. Hata hivyo, ni katika makaratasi hayo ambamo kodi ya mama muuza mboga hugeuka kuwa maji ya bomba, au hupotea isionekane tena.

Hatuna uhaba wa sheria. Kifungu cha 227 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaamuru kwamba ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wa gharama nafuu. Sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 imefafanua mengine. Zabuni hufunguliwa mbele ya wazabuni wenyewe au wajumbe wao na bei zikasomwa kwa sauti. Anayehisi kudhulumiwa ana siku 14 za kulalamika mbele ya bodi ya mapitio, nayo bodi ina siku 21 za kuamua. Kwa ufupi, sanduku la zabuni limewekewa askari. Mwizi mwerevu hapiti hapo. Yeye hupitia mlango wa kabla, pale panapoamuliwa ni kitu gani kinahitajika, au mlango wa baada, pale mzigo unapopokelewa.

Tutazame ununuzi mmoja wa enzi za mabaraza. Makaburi ya Lang'ata yalipojaa, Baraza la Jiji la Nairobi lilitafuta ardhi nyingine ya kuzikia wafu. Kati ya miaka ya 2008 na 2009 zikalipwa shilingi milioni 283 kwa ekari 120 huko Mavoko, na katika fedha hizo mwenye ardhi akapata milioni 110 tu. Zabuni ilikuwepo, kamati ziliketi, sahihi zilitiwa. Ila ardhi yenyewe ilikuwa na mwamba karibu na uso wake, haifai kuchimbwa kaburi! Mwaka 2018 mahakama iliwatia hatiani watu kadhaa, miongoni mwao aliyekuwa katibu wa wizara na aliyekuwa karani wa jiji. Sisi mawakili hufurahia hukumu kama hizo, lakini tukubaliane kwamba hukumu ilichelewa miaka tisa. Kibarua mmoja mwenye sururu, akilipwa ujira wa siku moja, angaliiambia kamati ukweli wote kabla ya hundi ya kwanza kuandikwa.

Hoja yetu ya kwanza basi ni kwamba mahitaji yaandikwe na atakayekitumia kitu hicho, na yathibitishwe kwa macho. Muuguzi wa zahanati aseme ni glavu ngapi humalizika kwa mwezi. Fundi wa maji aseme bomba liwe la unene gani. Anayeandika sifa za kitu ndiye humchagua mshindi, na hii ndiyo sababu sheria inakataza kutaja chapa ya kampuni fulani katika masharti ya zabuni. Pamoja na sifa hizo, afisa aambatishe bei alizozikuta madukani, kwa maandishi, kabla zabuni haijatangazwa. Mwaka 2015 nchi nzima ilishangaa kusikia kwamba kaunti ya Bungoma ilikuwa imenunua wilbaro kumi kwa shilingi 109,320 kila moja. Sheria ya mwaka huo inataka bidhaa za kawaida zinunuliwe kwa bei ya sokoni, na bei ya wilbaro si siri ya dola. Huulizwa dukani tu.

Ununuzi wa haraka haraka nao una msimu wake. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni, na kila Mei inapokwisha ofisi hukumbuka ghafla mambo zilizoyasahau tangu Julai. Mpango wa ununuzi wa mwaka, ambao ni wajibu wa kisheria, ungalifuatwa, hayo yasingalitokea. Vivyo hivyo ile tabia ya kukatakata kazi moja kuwa vipande vidogo ili kukwepa zabuni ya wazi: imekatazwa waziwazi, na bado inaendelea.

Tuje mlango wa pili. Sheria imeweka kamati ya ukaguzi na upokeaji. Katika sehemu nyingi kamati hii hukagua hati badala ya mzigo. Lori zilizolipiwa ni arobaini, changarawe iliyomwagwa barabarani ni ya lori ishirini na tano, na hati ya upokeaji haina doa. Nani alizihesabu lori? Wanaoishi kando ya barabara waliziona zote. Mkataba ukibandikwa ubaoni kwa Kiswahili, ukitaja mkandarasi, kiasi na bei, mkulima aliye kando ya barabara atakuwa mkaguzi asiyelipwa mshahara. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari hizo, kwa hiyo hatuombi hisani ya mtu.

Kisha kuna malipo, na hapa tunazungumza na watunza hazina. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wametengewa asilimia 30 ya zabuni. Ni jambo jema. Lakini kijana akikopa, akaleta madawati mema, akakaa miaka miwili bila kulipwa, atauza pikipiki yake na hatarudi tena. Atakayebaki ni tajiri mwenye uwezo wa kungoja, naye ameshaiongeza ngoja hiyo katika bei yake. Walipwe kwa zamu ya ankara zilivyofika, na orodha ya zamu hiyo ionekane na kila mtu.

Wengine watasema kompyuta itatuponya. Mwaka 2025 Hazina ya Kitaifa ilizitaka taasisi za umma zinunue kwa mfumo wa kielektroniki, na mabishano yake yakafika mahakamani. Hatuupingi mfumo huo. Tunasema tu kwamba kompyuta haitapima mfuko wa saruji uliopungua kilo.

Mwisho, tumeleta nakala za mpango wa ununuzi wa kaunti, kurasa za barabara na zahanati. Zipitisheni safu kwa safu. Kila mmoja atafute wadi yake, aone ni kitu gani kimeandikwa kwamba kitanunuliwa, na kwa bei gani. Baada ya robo saa tutaanza maswali, na tunawaomba maafisa wa ununuzi walioketi mbele wasiondoke.