HOTUBA YA MWENYEKITI: HABARI YA MADENI

Tumefikisha miaka kumi. Habari za hisa na faida mtazipata kwenye taarifa ya mweka hazina. Sisi tuseme habari ya madeni, maana ndiyo iliyotutoa machozi.

Mwaka 2021 mwenzetu mmoja, muuza vitumbua, alikopa shilingi 200,000 nje ya kikundi, kwa hawa watu wa kausha damu. Marejesho kila siku. Ikanyesha mvua wiki nzima, biashara ikalala. Wakaja vijana watatu na bajaji, wakabeba godoro, sufuria, na hata chuma cha vitumbua chenyewe. Sasa jamani, ukimnyang'anya mtu chuma chake, hilo deni atalilipa na nini?

Tulikwenda wanne kwa yule mkopeshaji. Akatutishia polisi. Tusidanganyane, tuliogopa. Tukachanga, tukalipa, vitu vikarudi, godoro limeloa.

Baadaye ndipo tukamwita msaidizi wa kisheria. Watu hawa wapo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017, na msaada wao ni bure. Alikaa nasi chini ya mwembe mpaka magharibi. Kumbe kuchelewesha rejesho si kosa la jinai! Hayo ni madai, na polisi si mkusanya madeni. Anayetaka kukamata mali yako aende mahakamani kwanza, na atakayekuja kukamata ni dalali wa mahakama mwenye hati mkononi. Na hata mahakama haigusi kila kitu: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko yake, na zana za fundi, vyote hivyo sheria imeviacha. Wengine tulicheka kwa uchungu, tukikumbuka lile godoro.

Lakini kitu ulichokiandika mwenyewe kuwa dhamana ni habari nyingine, kwa hiyo mkataba usomwe kabla ya kusaini. Asiyejua kusoma asione haya, aje na mtoto wa shule. Nakala ya mkataba ubaki nayo, na risiti za marejesho uzitunze. Kadi ya benki na namba yake ya siri usimwachie mtu. Na mkopeshaji aonyeshe leseni ya Benki Kuu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Akikasirika kuulizwa, basi umeshajibiwa.

Sheria hiyo hiyo inatuhusu na sisi vikundi, tunatakiwa kusajiliwa. Na hapa lipo jambo ambalo wengine walitushauri tusiliseme mbele ya wageni. Mwaka wetu wa tatu, sisi wenyewe tulikwenda nyumbani kwa mwanachama aliyechelewesha rejesho miezi miwili, tukabeba cherehani yake. Tulikuwa saba. Watoto wake walikuwa mlangoni wanatuangalia. Tulijiona tunatekeleza katiba. Hatukuwa na hati yoyote, na ile cherehani ndiyo iliyokuwa inawalisha wale watoto.

Baada ya yale mafunzo tuliirudisha, tukaomba radhi, na kifungu kile tukakifuta. Siku hizi anayekwama anakuja mkutanoni kabla ya siku ya rejesho, tunampangia upya. Wapo wanaotumia vibaya huruma hiyo, tunawajua, na wao wanajua tunawajua. Deni bado ni deni.

Yule dada alimaliza deni lake mpaka senti ya mwisho, kisha akajitoa. Hatukumlaumu. Sare hizi tulizovaa leo kazishona yeye, kwa cherehani ile ile, na bei hakutupunguzia.

Tunamkaribisha mweka hazina.